Penye wengi pana mengi: Historia ya mashine kutafuta muktadha wa pamoja

Usiku mmoja mwaka jana dada yangu mkubwa alizidiwa, tukamkimbiza hospitalini. Kabla ya kulazwa, ilibidi kampuni ya bima itoe idhini. Usiku kampuni hiyo haipokei simu. Mteja huandikiana na wasaidizi wa kidijitali, wale wa akili unde. Msaidizi wa kwanza aliniuliza jina la mgonjwa, nambari ya uanachama na maradhi. Nikajibu yote, nikaongeza kwamba mgonjwa ana mzio wa penisilini. Akasema ananihamishia kwa mwenzake wa idhini. Huyo wa pili akaanza upya: jina, nambari, maradhi. Nikajibu tena. Akanipeleka kwa wa tatu, aliyeshughulikia dawa zinazolipiwa. Nilipomwandikia, "Tafadhali zingatia ule mzio niliomweleza mwenzako," alinijibu kwa adabu zote, "Mzio upi?"

Dada alikaa kwenye benchi hadi alfajiri. Alipona, namshukuru Mola. Lakini neno hilo moja, "ule", halijanitoka akilini hadi leo.

Sisi tunaofundisha sarufi tunalijua neno hilo kama kiashiria cha mbali. Darasani tunasema kwamba "huu" ni wa karibu, "huo" wa katikati na "ule" wa mbali. Maelezo hayo ni sahihi, ila ni nusu tu ya ukweli. Nikisema "yule mgeni amerudi," huenda mgeni mwenyewe ameketi mbele yetu tukinywa naye chai. "Yule" hapo haionyeshi umbali wa hatua. Inamwambia msikilizaji: nenda kwenye ghala la mambo ambayo mimi na wewe tunayajua, umtoe humo mgeni tuliyemzungumzia. Hali kadhalika "huyo", "hicho" na "hilo" hubeba ile -o ambayo E. O. Ashton, katika sarufi yake ya 1944, aliiita -o ya urejeshi. Kiswahili kimejaa vijineno vya namna hii, na kila kimoja ni hundi inayotolewa kwenye akaunti ya pamoja. Akaunti ikiwa tupu, hundi hurudi na jibu "Mzio upi?"

Je, mashine kadhaa zinazozungumza na watu, na zenyewe kwa zenyewe, zinawezaje kuwa na akaunti hiyo moja? Vijana wetu wanadhani swali hili limezaliwa jana. La hasha. Lina zaidi ya miaka sitini, na historia yake inatuhusu sana sisi watu wa lugha.

Tuanze na kisa cha kuchekesha. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alichapisha maelezo ya programu yake ELIZA, ambayo katika hati yake mashuhuri iliigiza daktari wa maradhi ya akili. ELIZA iliokota neno kuu katika sentensi ya mtu na kuligeuza swali. Ukiitajia mama yako, ilikuomba uendelee kuisimulia habari za jamaa zako. Miaka michache baadaye Kenneth Colby wa Stanford akaunda PARRY, programu iliyoigiza mgonjwa mwenye dhana kwamba watu wanamwandama. PARRY ilikuwa na vipimo vya ndani vya hofu, hasira na kutoamini, vikipanda na kushuka kadiri ya maneno iliyoambiwa.

Mnamo Septemba 18, 1972, daktari na mgonjwa hao waliunganishwa kupitia ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti ya leo. Mazungumzo yao yalihifadhiwa, na Vint Cerf akayasambaza mwanzoni mwa 1973. Mtu akiyasoma hukosa mbavu. Daktari anauliza, mgonjwa anajibu kuhusu mbio za farasi na wahuni wanaomsaka, daktari anauliza tena kana kwamba hakusikia. Kila mmoja alishika zamu yake vizuri. Kilichokosekana ni kitu cha tatu, yaani kile ambacho baada ya dakika kumi wote wawili wangekuwa wanakijua. Hawakuwa na "yule" wala "huyo" wao.

Wakati huo tayari walikuwapo wataalamu waliolitazama suala hili kwa upande mwingine. Mwaka 1958, katika kongamano lililofanyika Teddington, Uingereza, Oliver Selfridge alieleza mfumo alioubandika jina la Pandemonium, yaani makao ya mapepo wote. Ndani yake wamo mapepo wadogo wengi. Kila pepo huchunguza jambo moja tu, mathalani mstari uliopinda au kona ya herufi, na akiliona hupiga kelele. Pepo wa ngazi ya juu husikiliza kelele hizo, naye mkuu wao huamua kwa kumfuata aliyepaza sauti zaidi. Fikra ilikuwa nzuri, lakini aliyewahi kuketi katika mkutano wa kijiji anaujua udhaifu wake. Mwenye sauti kubwa si lazima awe mwenye hoja.

Allen Newell, mmoja wa waasisi wa taaluma ya akili unde, aliliboresha wazo hilo mwaka 1962 kwa taswira ambayo mwalimu yeyote ataielewa. Alituomba tuwafikirie wafanyakazi kadhaa wanaotazama ubao mmoja. Kila mmoja anaweza kusoma yote yaliyoandikwa, na anaamua mwenyewe ni lini ana la maana la kuongeza. Hakuna haja ya kuambizana masikioni.

Taswira hiyo ilipata mwili katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, jijini Pittsburgh. Kati ya 1971 na 1976 serikali ya Marekani, kupitia shirika lake la utafiti wa kijeshi, ilifadhili mradi wa kuifanya mashine ielewe usemi wa binadamu. Masharti yalikuwa msamiati wa maneno 1,000 na makosa chini ya asilimia 10. Raj Reddy, msomi mzaliwa wa India, pamoja na Lee Erman, Victor Lesser na wenzao waliunda mfumo wa Hearsay-II. Jina lenyewe lina maana ya tetesi, na kwa kweli mfumo uliishi kwa tetesi. Ulikuwa na wataalamu mbalimbali ndani yake, mmoja wa sauti, mwingine wa silabi, mwingine wa maneno, mwingine wa sintaksia. Wote waliandika makisio yao kwenye ubao wa pamoja, kila kisio likiwa na alama ya kuonyesha linaaminika kiasi gani. Mtaalamu wa maneno alisoma yaliyoandikwa na mtaalamu wa silabi, akapendekeza neno. Yule wa sintaksia akalitazama, akaliunga mkono au akapendekeza linaloweza kulifuata.

Mimi huwaambia wanafunzi wangu kwamba hiki kilikuwa kikao cha kwanza cha Idara ya Isimu kilichoendeshwa na mashine, tena bila ugomvi. Lakini matatizo yalijitokeza. Ubao ukijaa, nani asome kwanza? Iwapo wataalamu kumi wana la kusema, chaki apewe nani? Watafiti walilazimika kuunda kipanga zamu, na baadaye, katika miaka ya themanini, Barbara Hayes-Roth akapendekeza ubao wa pili wa kuamua jinsi ubao wa kwanza utakavyotumika. Isitoshe, mradi ulipofikia tamati mwaka 1976, mfumo ulioyatimiza malengo ulikuwa Harpy, kazi ya Bruce Lowerre wa chuo hichohicho. Harpy haikuwa na baraza la wataalamu. Ilizipanga mapema sentensi zote zilizoruhusiwa katika mtandao mmoja, kisha ikatafuta njia humo. Waswahili husema penye wengi hapaharibiki neno. Husema pia penye wengi pana mengi. Pittsburgh walizijua methali zote mbili kwa gharama.

Wapo waliokataa ubao kabisa. Mwaka 1973 Carl Hewitt na wenzake walipendekeza mfumo ambao kila mhusika ana mambo yake moyoni, na njia pekee ya kumfikia ni kumpelekea ujumbe. Mwaka 1980 Reid Smith akaeleza utaratibu ambao Mkenya hahitaji kufafanuliwa, kwani ni tenda tupu. Wakala mmoja anatangaza kazi, wengine wanawasilisha maombi, anayefaa anapewa mkataba. Faida yake ni kwamba hakuna anayelemewa na habari zisizomhusu. Hasara yake ndiyo iliyomweka dada yangu kwenye benchi. Usichokitia katika barua, mwenzako hakijui.

Basi, kama maarifa yatasafiri kwa barua, barua ziandikwe kwa lugha gani? Hapa ndipo falsafa ya lugha ilipobisha hodi. Katika mihadhara yake ya Harvard mwaka 1955, iliyochapishwa 1962 baada ya kifo chake, J. L. Austin alionyesha kwamba kusema ni kutenda. Anayesema "naahidi" haelezi ahadi, anaitoa. John Searle akaiendeleza nadharia hiyo ya vitendo uneni mwaka 1969. Sisi tuliifundisha katika pragmatiki, tukaichambulia tamthilia na mazungumzo ya sokoni. Mwanzoni mwa miaka ya tisini wahandisi waliichukua wakaunda KQML, lugha ya mawakala wa kompyuta, ambayo kila ujumbe ulitanguliwa na kitenzi chake: uliza, arifu, omba. Mwaka 1996 likaundwa shirika la FIPA kusanifisha mawasiliano hayo.

Ulikuwa ushindi wa isimu, lakini haukukamilika. Mwaka 1998 Munindar Singh aliukosoa mwelekeo huo kwa hoja ambayo bado ina makali. Viwango vile vilieleza maana ya ujumbe kwa kutaja yaliyo moyoni mwa wakala, yaani anachoamini na anachokusudia. Nani atauona moyo wa mashine? Singh alitaka maana ifungwe kwenye mambo yanayoonekana hadharani, yaani ahadi na wajibu ambao kila upande unaweza kudaiwa. Mzee wa ukoo angekubaliana naye. Hatumshtaki mtu kwa alichowaza. Tunamshtaki kwa alichokubali mbele ya mashahidi.

Wakati wahandisi wakihangaika, mwanasaikolojia Herbert Clark wa Stanford alikuwa akiwachunguza binadamu wenyewe. Mwaka 1986, yeye na Deanna Wilkes-Gibbs walichapisha jaribio la watu wawili wawili waliotengwa kwa kizuizi. Mmoja alimweleza mwenzake jinsi ya kupanga picha 12 za maumbo ya ajabu. Mara ya kwanza, kila picha ilihitaji wastani wa maneno 41 ya mwelekezaji. Mara ya sita, maneno 8 yalitosha. Umbo lililoelezwa kwa sentensi nzima liligeuka kuwa jina fupi, kwa kuwa wote wawili walikuwa wamelikubali.

Jaribio lililofuata, la Michael Schober na Clark, mwaka 1989, ndilo ningependa kila mhandisi alibandike ukutani. Waliweka pia wasikilizaji wa pembeni, waliosikia kila neno tangu mwanzo lakini wasiweze kuuliza wala kujibu. Wasikilizaji hao walikosea zaidi kuliko walioshiriki. Hebu litafakari jambo hilo. Maneno yaliwafikia yote, ila hawakupata nafasi ya kusema "sijaelewa" wala "ahaa, lile linalofanana na mtu anayecheza!" Muktadha wa pamoja hujengwa na wahusika, kwa kuulizana na kuthibitishiana. Kumkabidhi mtu nakala ya mazungumzo hakumfanyi kuwa amezungumza.

Tuje sasa kwenye zama zetu. Mwaka 2017 watafiti wanane waliokuwa wakifanya kazi na Google walichapisha muundo wa transfoma, ambao ndio uti wa mgongo wa mifumo ya lugha ya leo. Mifumo hii haikumbuki mazungumzo jinsi wewe unavyokumbuka. Kila zamu, husomeshwa upya maandishi yote yaliyo ndani ya kinachoitwa dirisha la muktadha. Mwaka 2020 dirisha la GPT-3 lilibeba tokeni 2,048, yaani vipande vya maneno vinavyotosha kurasa chache tu. Kufikia 2024, Gemini 1.5 ya Google ilifikia tokeni milioni moja. Wengi walidhani tatizo limekwisha. Lakini mwaka 2023 Nelson Liu na wenzake walionyesha kwamba mifumo waliyoipima ilitumia vizuri habari zilizo mwanzoni na mwishoni mwa maandishi marefu, na ikazipuuza mara nyingi zilizo katikati. Sijui kwa nini walishangaa. Mwanafunzi anayesoma riwaya usiku wa kuamkia mtihani hufanya vivyo hivyo.

Mwaka huohuo Joon Sung Park na wenzake wa Stanford na Google waliunda kijiji cha kuigiza chenye wakazi 25, wote wakiendeshwa na mfumo wa lugha. Kila mkazi alikuwa na daftari lake la matukio, na alichota humo kwa kuzingatia mambo matatu: upya wa tukio, uzito wake na uhusiano wake na jambo lililo mbele. Mkazi mmoja, Isabella, alipewa nia ya kuandaa sherehe ya Siku ya Wapendanao. Baada ya siku mbili za kijijini, habari ilikuwa imewafikia wakazi 13 kwa kuambizana tu. Kati ya 12 walioalikwa, 5 walifika. Wenye kuandaa harambee wataona kwamba hesabu hiyo si mbaya. Hata hivyo, inaonyesha tofauti ya kusikia habari na kuichukua kama jambo linalokufunga.

Na wengine wamerudi kwenye ubao wa Newell. Mfumo wa MetaGPT, uliotokea pia 2023, unawapa mawakala nyadhifa kama za kampuni ya programu, nao huweka hati zao kwenye hodhi moja la ujumbe. Kila mmoja huchota zile zinazohusu wadhifa wake. Ubao umerudi, na maswali yake ya kale yamerudi nao. Likiandikwa kosa ubaoni, wote watalisoma kama ukweli. Ukijaa, la maana litapotea katikati. Na kuna swali ambalo Pittsburgh hawakulazimika kuliuliza, kwa kuwa ubao wao ulibeba silabi tu: nani ana haki ya kusoma?

Siri ya mtungi muulize kata. Nilitaka msaidizi wa dawa ajue habari za mzio wa dada yangu. Sitaki msaidizi wa mauzo wa kampuni hiyohiyo ajue maradhi yake ili amwandalie tangazo. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka data zikusanywe kwa kusudi lililotajwa wazi, zisizidi zinazohitajika, na inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Anayedai kwamba dawa ya wasaidizi wasahaulifu ni kuwaonyesha wote kila kitu, anatibu jino kwa kulivunja taya.

Mbona basi tusijifunze kutoka kwa kitu ambacho kila mtahiniwa wa Kiswahili nchini amewahi kukiandika? Nazungumzia kumbukumbu za mkutano. Nilikuwa nikiziona kama zoezi la kuchosha: waliohudhuria, waliotuma udhuru, ajenda, kumbukumbu nambari fulani. Siku hizi naziona kama mojawapo ya mbinu bora za kutunza muktadha ambazo binadamu amebuni. Hazirekodi kila neno. Zinarekodi kilichoamuliwa na aliyekabidhiwa jukumu. Kikao kinachofuata hakianzi kabla hazijasomwa, zikarekebishwa, mmoja akapendekeza zithibitishwe na mwingine akaunga mkono. Kisha huja yaliyoibuka kutokana na kumbukumbu hizo, ambapo kila aliyepewa kazi huulizwa ameifikisha wapi. Na mwenyekiti hutia sahihi. Hapo wamo Clark na uthibitisho wake, na Singh na ahadi zake za hadharani. Na kwa kuwa kila kamati ina kumbukumbu zake, anayesoma ni yule anayestahili.

Kampuni na idara za serikali zinazotuwekea wasaidizi hawa zinapaswa kuulizwa maswali ya katibu wa kikao. Msaidizi wa kwanza anapomkabidhi wa pili mgonjwa, anamkabidhi na nini? Nani amethibitisha kwamba kilichoandikwa ndicho alichosema mteja? Mteja mwenyewe anaonyeshwa muhtasari huo ausahihishe? Na panapotokea kosa, nani ametia sahihi? Hayo hayahitaji dirisha la tokeni milioni kumi. Yanahitaji mtu aamue kwamba maneno ya mteja ni amana.

Nasi wa Kiswahili tuna kazi ya ziada. Katika lugha yetu "a-" ya "amefika" haisemi kama ni mwanamume au mwanamke, lakini ngeli hutusaidia pengine: "kimevunjika" huenda ni kiti, wala si meza. Rejeleo la Kiswahili hufuatiliwa kwa viambishi na kwa viashiria, si kwa njia ya Kiingereza. Mifumo ikipimwa kwa mazungumzo ya Kiingereza pekee, hakuna atakayejua kama inaelewa "huyo", "yule" na "ndicho" inapopokezana habari za mgonjwa wa Kilifi au Kakamega. Wanafunzi wetu wa uzamili wanaotafuta mada za tasnifu, mada hiyo hapo. Kusanyeni mazungumzo, kwa idhini ya wenyewe, mpime ni viashiria vingapi vinapotea kila mteja anapohamishwa.

Juzi nilimtembelea dada. Alikuwa jikoni, akaniambia bila kugeuka, "Nipe kile." Nikampa kibao cha mbuzi. Hakuniuliza nilijuaje, nami sikumuuliza alimaanisha nini, maana tumekuna nazi pamoja tangu nikiwa na miaka sita.